Gari la 1969 linazima kila baada ya dakika 25, nikifungua mfuniko wa tangi linavuta "fyuuu". Nitoboe mfuniko?

NusuTangi

Wakuu salaam. Naombeni msaada kabla sijafanya ujinga na keekee.

Nina gari la saluni la milango minne la 1969, injini ya lita 1.6, kabureta moja, pampu ya mafuta ya kimakanika ubavuni mwa injini. Tangi ni la lita 45, liko nyuma chini ya sakafu ya buti. Nimelifufua kwa miaka mitatu, kazi za wikiendi tu, na mwezi uliopita likaingia barabarani kwa mara ya kwanza.

Furaha ilidumu dakika 25. Linaanza kusita kama lina kwikwi, linapoteza nguvu, linazima. Nikisubiri robo saa linawaka, linatembea dakika kumi, linazima tena. Nimebadili vifaa vya moto wa plagi: koili, kondensa, pointi na plagi zenyewe. Nimebadili pampu. Kabureta nimeifungua mara mbili. Fundi mmoja akaniambia mafuta yanachemka kwenye bomba, nikalifunga bomba lote kwa kitambaa cha kuzuia joto, likawa kama mgonjwa aliyevunjika mguu. Likazima vilevile.

Jana limenizimikia njiani, nikafungua mfuniko kuangalia kama mafuta yamo. Wakuu, tangi likavuta pumzi. Fyuuuuu, sekunde nne au tano, halafu chini ya buti kitu kikagonga "doong". Nikafunga, nikapiga stata, likawaka hapohapo.

Mfuniko ni mpya, wa kromu, nilinunua kwa sababu wa zamani ulikuwa umeliwa na kutu. Nitoboe tundu katikati nimalize kazi?

MzeeWaSpana

Weka keekee chini kwanza.

Hiyo "doong" ni bati la tangi likirudi mahali pake. Lilikuwa limebonyea kwa ndani. Gari lako halina ugonjwa wa moto wala wa kabureta, limezibwa pua. Pampu inatoa mafuta, hewa haina pa kuingilia kujaza nafasi, mwisho pampu inavuta mpaka nguvu zinaiishia. Koili ulizonunua zitunze tu, siku moja zitakufaa.

BatiChakavu

Mkuu toboa, usiogope. Mimi nina Mustang ya 1966, nilitoboa mfuniko tundu la milimita 3, mwaka wa sita huu sijawahi kuzimikiwa.

Hesabu_Kichwani

Ngoja nimuunge mkono Mzee kwa namba, maana wengi hawaamini tangi la chuma linaweza kubonyea kwa kunyonywa na kipampu kidogo kile.

Chukua tangi lenye uso wa juu wa sentimita 60 kwa 80. Hiyo ni mita ya mraba 0.48. Hewa ya ndani ikipungua kwa sehemu moja tu ya kumi ya kanieneo ya kawaida, hewa ya nje inaukandamiza uso huo kwa nguvu sawa na uzito wa karibu kilo 490. Ni kama umeegesha ng'ombe juu ya tangi. Na pampu ya kimakanika iliyo nzima inaweza kuvuta zaidi ya hapo.

Sasa cha kushangaza ni kwamba hewa inayohitajika ni kidogo mno. Gari likila lita 15 kwa saa, tangi linataka mililita 250 za hewa kila dakika, basi. Tundu la milimita moja linapitisha hiyo bila taabu. Kwa hiyo BatiChakavu, milimita 3 zako ni lango la uwanja wa mpira.

BatiChakavu

Lango au si lango, gari linatembea.

BintiGereji

Linatembea, ndiyo. Swali kwa BatiChakavu: ukijaza tangi pomoni halafu ukapanda mlima, bampa ya nyuma inakuwaje?

BatiChakavu

...inaloa kidogo. Huwa sijazi pomoni.

BintiGereji

Ndicho nilichotaka ukiri 😂. Mustang ya 1966 mfuniko wake uko katikati ya uso wa nyuma, umelala, haukutazama juu. Halafu kiwandani ilitoka na mfuniko unaopumua tayari. Wewe umetoboa kwa sababu uliweka mfuniko usio wake.

NusuTangi, hapo ndipo na wewe ulipoteleza, na si kosa lako peke yako, mifuniko hiyo inafanana kwa nje kama mapacha. Geuza huo wa zamani uutazame kwa ndani. Wa magari mengi ya miaka ya sitini utakuta una kisahani kidogo chenye springi, wakati mwingine viwili. Kimoja kinafunguka tangi likivuta, kingine kinafunguka mvuke ukizidi ndani. Mfuniko wa aina ya pili umezibwa kabisa, kwa sababu gari lake linapumulia kwingine. Marekani walianza kubana mvuke wa tangi usitoke ovyo, California kwa magari ya 1970, nchi nzima kwa ya 1971. Tangu hapo mfuniko uliozibwa ukawa wa kawaida na mvuke ukapelekwa kwenye kopo la mkaa. Kwa hiyo ukiokota mfuniko wa gari la 1973 ukauweka kwenye la 1966, unaingia kama ulivyozaliwa pale, na gari linakufa barabarani.

Kupima ni rahisi. Chukua mfuniko mpya, safi, weka kipande cha mpira katikati kwa ndani, fyonza. Hewa ikipita, unapumua. Isipopita, umezibwa. Usifanye hivyo na ule wa zamani, utakula petroli na kutu.

Lakini bado kuna kitu hakijakaa sawa. Gari la 1969 lenye tangi chini ya buti mara nyingi lina bomba lake la kupumulia mbali na mfuniko. Hata ukiweka mfuniko uliozibwa, lingepumua. Lako lina bomba? Na je, ulipokuwa unafufua tangi, ulimimina dawa ya kuziba ndani?

NusuTangi

Dada umenishtua. Ndiyo, niliosha kutu kwa asidi, nikamimina ile dawa ya kijivu ya kupaka ndani, nikaligeuzageuza tangi kama mtu anayetikisa mtindi, nikaacha likauke siku nne. Bomba lipo moja, jembamba, linatoka karibu na shingo ya tangi. Limeunganishwa na mpira unaopita kwenye tundu la sakafu kwenda chini. Mpira niliubadili.

BintiGereji

Kachungulie hilo bomba. Mimi naweka mkono wangu kwenye moto kuwa dawa imegandia humo.

MzeeWaSpana

Mkono wako usiuweke kwenye moto karibu na tangi, binti.

Na hilo ndilo la pili nililotaka kusema, naomba mnisikilize kama mnavyomsikiliza babu. Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa. Petroli ya maji haiungui, unaoungua ni mvuke wake, na mvuke huo unatoka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Ukichanganyika na hewa kwa asilimia moja na nusu tu, unawaka. Tena ni mzito kuliko hewa mara tatu au nne, kwa hiyo haupai. Unateremka, unatambaa sakafuni, unajaa kwenye shimo la kufanyia kazi, unasubiri hita, swichi ya taa, au cheche ya keekee ya umeme iliyo hatua kumi kutoka ulipo.

Nimeona tangi lililokaa tupu miaka minne, mwenyewe anasema halinuki, likachomelewa sehemu moja. Lilifunguka kama kopo la maharage. Mwenyewe alipona kwa sababu alikuwa amekwenda kuchukua miwani na msaidizi alikuwa nyuma ya ukuta. Sisimulii zaidi ya hapo.

Kwa hiyo likizibika usilitoboe kwa umeme, usilichomelee. Litoe kwenye gari, lipeleke nje kwenye upepo, fanya kwa mkono.

Hesabu_Kichwani

Wakati tunamsubiri mwenye uzi, niongeze jambo ambalo naona watu wanalisahau. Tangi linapumua pande mbili. Tumezungumzia kuvuta, tuzungumzie kutoa.

Petroli inatanuka karibu sehemu moja kwa elfu kwa kila nyuzi moja ya joto. Jaza lita 45 zilizotoka kwenye kisima cha ardhini zikiwa baridi, egesha juani, zipande nyuzi 25. Zimekuwa lita 46 na ushee. Hiyo lita ya ziada inakwenda wapi? Ndiyo maana matangi mengi yaliyoundwa vizuri yana nafasi ya juu ambayo huwezi kuijaza hata ukibembeleza, au kijitangi kidogo cha pembeni cha kupokea yanayozidi.

Na ikiwa pumzi imezibwa, ule mvuke unasukuma mafuta kwenye bomba hadi kwenye kabureta. Sindano ya kabureta imetengenezwa kuzuia msukumo mdogo tu wa pampu. Ukizidi, inazidiwa, mafuta yanafurika ndani ya injini. NusuTangi, umewahi kuegesha juani ukarudi ukakuta gari linanuka petroli na haliwaki kirahisi?

NusuTangi

Mara tatu! Nilidhani sindano ya kabureta mbovu. Ndiyo sababu niliifungua mara mbili.

KisimaChaMafuta

Samahani wakuu nimefuatilia kimyakimya. Kwangu shida ni nyingine, gari halinizimikii ila nikijaza mafuta bomba la pampu linakata "tak" kila baada ya lita mbili. Ni jambo hilihili?

Hesabu_Kichwani

Ndugu yake. Bomba la kujazia linamwaga lita 30 au 40 kwa dakika, na kila lita inayoingia lazima ifukuze lita ya hewa. Hiyo ni mara mia na zaidi ya hewa inayohitajika ukiendesha. Tundu la milimita moja haliwezi, ndiyo maana matangi mengi yana bomba nene la pili linalotoka juu ya tangi hadi karibu na mdomo wa kujazia. Likizibika au likibonyea, hewa inatoka kwa kupigana na mafuta kwenye shingo moja, mafuta yanarudi juu yanagusa ncha ya bomba la kujazia, nalo linadhani tangi limejaa. Tafuta mpira uliojikunja nyuma ya zulia la buti.

KisimaChaMafuta

Nimetoka kuangalia. Umejikunja kama mkia wa nguruwe. Shukrani mkuu, narudi kwenye ukimya wangu.

NusuTangi

Wakuu, mrejesho. BintiGereji mkono wako umepona.

Jumamosi nilikamua mafuta, nikashusha tangi, nikalitoa nje. Bomba la kupumulia kwa nje ni kama milimita 8. Nikaingiza waya mwembamba: sentimita mbili, ukagonga. Nikamulika kwa tochi kutoka mbali kidogo, nikaona kijivu tupu, kimelala laini kama nta iliyopoa. Nikachukua biti ya milimita 5, nikaifunga kitambaa kuwa mpini, nikazungusha kwa vidole. Saa nzima na nusu. Ilikuwa inatoka ute wa unga wa kijivu kidogokidogo, halafu ghafla biti ikazama na hewa ikavuma. Kizibo chenyewe kilitoka baadaye kipande kizima, urefu wa kidole gumba changu, nimekihifadhi kwenye droo ya spana.

Nikasuuza mara tatu nikitikisa, maji ya kwanza yalitoka na chembe kama mchanga.

Niliupima na mfuniko wa kromu kwa njia ya dada: umezibwa kabisa. Kwa hiyo nilikuwa nimefunga pua na mdomo vyote viwili kwa mikono yangu mwenyewe.

Sasa swali la mwisho. Nikirudisha ule mpira kama ulivyokuwa, unashuka moja kwa moja kutoka kwenye tangi hadi chini ya gari. Hii ni sawa?

MzeeWaSpana

Unafanya kazi, lakini mimi nisingeuacha hivyo. Ukipiga kona na tangi limejaa, mafuta yanapata mteremko wa bure hadi barabarani.

Upandishe kwanza. Utoe kwenye bomba, uusimamishe ndani ya ubavu wa buti hadi juu kuliko mdomo wa kujazia, uupinde kama shingo ya korongo, ndipo uushushe. Mafuta yakiruka yanapanda kidogo, yanashindwa, yanarudi. Hakikisha hakuna sehemu iliyolegea ikafanya bonde, maana bonde likishika mafuta linakuwa kizibo kingine na tunarudi ukurasa wa kwanza. Ukipita sakafuni weka mpira wa duara kwenye tundu, bati lisiukate.

Ncha iishie nje ya gari. Si ndani ya buti, si karibu na ekzosi, si mbele ya tairi linaporusha tope.

BintiGereji

Na kilele cha hiyo shingo ya korongo weka vali ya kupinduka. Ni kidude kidogo chenye goroli ndani. Gari likiwa wima hewa inapita pande zote, likiegemea sana au likipinduka goroli linaziba. Lazima isimame wima, ukiilaza imeziba tangu siku ya kwanza.

Mpira nao uwe wa mafuta kwelikweli, hata kama unapitisha mvuke tu. Nimeona watu wakiweka mpira wa maji ya wipa kwa sababu "hauguswi na petroli". Mvuke unauguza polepole, baada ya mwaka unakuwa mgumu kama makaroni makavu. Petroli ya siku hizi yenye ethanoli inaitafuna mipira ya zamani haraka zaidi, kwa hiyo ukiwa hapo chini badili na mingine yote. Angalia maandishi ubavuni: R6 ni ya kizamani, R7 ni ya kabureta, R9 inastahimili zaidi na inafaa hata kwa injini zisizo na kabureta, zinazopuliziwa mafuta kwa sindano.

BatiChakavu

Na mimi nimeshawishika kidogo. Ila nyie mmesahau adui mkubwa kuliko wote. NYIGU.

Hesabu_Kichwani

Nyigu?

BatiChakavu

Nyigu wa udongo. Shemeji yangu ana gari lenye bomba zuri la kupumulia, limepitishwa vizuri kabisa kama mnavyosema, na vali juu. Liliegeshwa wiki sita. Siku ya kulitoa likazima baada ya kilomita 20. Tukalikagua siku mbili. Ncha ya mpira chini ilikuwa na kitu kama udongo wa chungu, umesawazishwa vizuri, na ndani yake funza watatu na buibui waliokaushwa. Tundu la ukubwa ule kwao ni nyumba iliyokwisha kujengwa.

Sasa anafunga kipande cha wavu wa shaba mdomoni.

MzeeWaSpana

Hilo ni la kweli kabisa, na nilipaswa kulisema. Wavu, au kichujio kidogo cha hewa. Si kitambaa, kitambaa kikilowa tope ni kizibo.

MkaaWaMoto

Mimi naegesha gereji iliyoungana na nyumba. Bomba linalomwaga mvuke nje ni nje ya gari, lakini ni ndani ya gereji. Mke wangu ana pua ya mbwa wa polisi. Nifanyeje?

BintiGereji

Wewe ndiye hasa wa kopo la mkaa. Mvuke unaingia kwenye kopo, mkaa ulioandaliwa maalumu unaushika kama sifongo. Kopo lina pumzi yake chini, yenye kichujio. Ukiwasha gari, injini inavuta hewa safi kupitia hapo, inaondoka na ule mvuke, inauchoma. Kwenye kabureta, mpira wa kuvutia uunganishe kwenye tundu lililo juu ya kipepeo (kile kibati kinachofunguka ukikanyaga mafuta), si chini yake. La juu halivuti injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagiwa mafuta, kwa hiyo haliharibu mzunguko wake. La chini linavuta muda wote na utalia gari linatetemeka kwenye taa nyekundu.

Kopo halipendi mafuta ya maji. Likilowa, mkaa umekufa, nunua lingine. Ndiyo maana shingo ya korongo inabaki kuwa ya lazima hata ukiwa na kopo, na ndiyo maana usibembeleze bomba la kujazia baada ya "tak" ya kwanza.

Lakini kabla ya yote hayo mwambie shemeji yetu aonyeshe harufu inatoka wapi. Nusu ya harufu ninazoitiwa si za pumzi, ni klampu iliyolegea kwenye shingo ya kujazia, au gasketi ya kielea cha geji juu ya tangi.

MkaaWaMoto

Amenusa. Ni shingo ya kujazia. Klampu nimeikaza nusu mzunguko, ananitazama kama mjinga.

NusuTangi

Mrejesho wa mwisho wakuu.

Mpira mpya nimeupandisha ubavuni mwa buti, nimepinda, vali kileleni, nimeshusha nyuma ya tairi la kulia kwenye kona kavu, wavu wa shaba mdomoni kwa heshima ya nyigu. Mfuniko wa kromu nimeuacha, kwa kuwa sasa bomba linapumua, na uso wa nyuma unapendeza nao.

Jana asubuhi nimetembea saa mbili na dakika kumi bila kusimama. Dakika ya 25 nilizima redio nikabaki nasikiliza injini tu. Ya 30 ikapita. Ya 40 nikawasha redio. Nilipofika nikaegesha, nikaenda nyuma, nikafungua mfuniko taratibu, sikio karibu. Kimya kabisa.

Kisha nikaliacha juani hadi alasiri kwa makusudi. Halikunuka, likawaka mara ya kwanza.

Kitambaa cha kuzuia joto nimekitoa. Koili tatu ziko kwenye rafu, mwenye shida aseme.

Ila sasa geji ya mafuta inasoma robo wakati tangi limejaa. Kabla sijashusha tangi ilikuwa inasoma sawasawa.

MzeeWaSpana

Ulipokuwa unasuuza, kielea ulikitoa?

NusuTangi

Nilikitoa.

MzeeWaSpana

Na ulipokirudisha mkono wake ulipita kwenye tundu kwa upole au uliulazimisha?

NusuTangi

Mzee...

BintiGereji

Fungua uzi mwingine mkuu 😂